Je, Wajua? Ufa wa Mita Saba Unaobana Mto Naili

Je, wajua kuwa Mto Naili, ule ule unaobeba meli za watalii huko Misri, una mahali ambapo kijana mwenye mkono mzuri anaweza kurusha jiwe hadi ng'ambo bila kujitutumua? Ni kwenye Maporomoko ya Murchison, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka Kampala. Mto unatoka Ziwa Victoria pale Jinja, unapita Ziwa Kyoga, unakata kona Karuma kuelekea magharibi, na kabla haujaingia Ziwa Albert unakutana na mwamba mgumu wa kale ambao maji hayajauweza. Katika mwamba huo upo ufa wenye upana wa mita saba hivi. Maji yaliyokuwa yametanda kwa raha zake yanasukumana humo yote kwa pamoja, kisha yanaporomoka mita 43.

Wapo wanaofika juu ya maporomoko kwa gari, wakapiga picha mbili tatu na kugeuza. Wameona nusu. Anayetaka kupajua mahali pale atembee, tena apande kutoka chini. Unapanda boti kwenye gati la Paraa, ndani ya hifadhi ya taifa inayozunguka maporomoko, unakwenda kinyume cha mkondo kilomita 17 hivi, unashushwa ukingoni, na askari wa hifadhi aliyebeba bunduki anakutangulia kwenye njia ya miguu inayopanda genge. Kwa mtu asiye na haraka ni saa moja hivi, yenye ngazi za mawe, jasho, na vituo vya kutazamia mto. Jioni unarudi Paraa kula. Siku moja inatosha kwa yote hayo.

Lakini ufa ule umefanya kazi kubwa kuliko kupendeza macho. Tangu zamani umekuwa kama mlango wenye bawabu mkali. Umeamua samaki gani apite na gani asipite, na kwa sababu yake sahani za Mwanza, Kisumu na Bukoba zikawa na historia yake.

Mamba jike au dume?

Tuanze na mto wenyewe. Sehemu ya Naili kati ya Paraa na maporomoko ina viboko na mamba kwa wingi, na wanaonekana vizuri kwa sababu boti huenda polepole dhidi ya mkondo. Kwenye kingo za udongo kati ya Januari na Machi hutoboa matundu keremkerem wenye koo jekundu, ndege ambao wapenzi wa ndege husafiri kutoka mbali kuja kuwaona hapa. Kule mto unakoingia Ziwa Albert, upande wa pili wa Paraa, kwenye mafunjo, anaishi korongo nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao.

Je, wajua kuwa mamba wa Naili hajui jinsia ya watoto wake mpaka jua limwamulie? Mayai hufukiwa mchangani kwa karibu miezi mitatu. Joto la kiota likiwa kati ya nyuzi 32 na 34 hivi, wengi hutoka madume. Likipungua au kuzidi hapo, hutoka majike. Mama hukaa karibu na kiota muda wote huo, na siku vitoto vinapolia ndani ya mayai hufukua na kuvibeba mdomoni hadi majini. Mdomo ule ule, ndiyo.

Ukikaribia maporomoko utaona mapande ya povu jeupe yakielea kuja kwako, mengine makubwa kama meza. Wageni hudhani ni uchafu wa kiwandani. Hapana: ni mabaki ya mimea na viumbe vya majini, yaliyopondwa na maji na kuchanganywa na hewa kule juu. Boti haifiki chini kabisa ya maporomoko. Inasimama mbali kidogo, maana zaidi ya hapo mkondo ndio unaoendesha.

Mfalme bandia na mke asiye na cheti

Mzungu wa kwanza kuandika habari za maporomoko haya ni Samuel Baker, Mwingereza, aliyefika Aprili 1864 akiwa na Florence, mwanamke kijana aliyezaliwa Transylvania, eneo ambalo leo liko Romania. Baker alimkuta mwaka 1859 kwenye mnada wa watumwa huko Vidin, mji wa Bulgaria ya leo uliokuwa chini ya Waturuki wakati ule, akamchukua, na tangu hapo hawakuachana. Katika maandishi yake alimwita mke wake. Ndoa yenyewe ilifungwa London mwaka 1865, kimya kimya, baada ya kurudi kutoka Afrika. Malkia Victoria alimpa Baker heshima ya kuitwa Sir mwaka uliofuata, lakini maisha yake yote Malkia alikataa kumpokea Florence.

Baker hakuibuka tu porini. Februari 1863, huko Gondokoro katika Sudan Kusini ya leo, alikutana na John Speke na James Grant waliokuwa wakirudi kutoka Ziwa Victoria, na pamoja nao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India na ambaye Kiswahili chake ndicho kilichofungua midomo mingi njiani. Speke akamweleza Baker kuwa kuna ziwa jingine upande wa magharibi ambalo wao hawakulifikia. Ndilo hilo Baker aliloliita Albert.

Kufika huko kulimpitisha katika ufalme wa Bunyoro, na hapo ndipo palipo na kisa ninachokipenda kuliko vingine vyote vya safari ile. Omukama Kamurasi, mfalme wa Bunyoro, alimchelewesha sana, akidai zawadi hii na ile. Mwishoni akataka Florence abaki kama sehemu ya malipo. Baker akatoa bastola, Florence naye akasimama na kufoka kwa Kiarabu. Yule mtu akashangaa kwa nini wamekasirika hivyo. Baadaye sana Baker aligundua kuwa siku zote hizo hakuwa amezungumza na mfalme. Kamurasi, asiyeamini wageni, alikuwa amemvika nduguye Mgambi cheo chake na kumtuma kukaa na Mzungu, mwenyewe akabaki salama. Vitabu vya Wazungu husimulia kisa hiki kama ushujaa wa Baker. Mimi naona aliyeshinda mchezo ule ni Kamurasi.

Baker na Florence walipofika ziwani walipanda mtumbwi, wakafuata ufuko hadi mto unapoingia, kisha wakapanda mto. Chini ya maporomoko kiboko aliupiga mtumbwi wao nusura awazamishe kati ya mamba. Baker akatazama juu, akaona yale maji, akayapa jina la Roderick Murchison, mwanajiolojia wa Uskoti aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia huko London. Murchison hakuwahi kuyaona.

Kwa nini njia ile haina vijiji

Ukianza kupanda utasikia kitu kikikuuma begani juu ya nguo. Ni mbung'o. Kama umevaa bluu au nyeusi, umejitakia: mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na hupenda kutua kwenye nyeusi. Ndiyo maana mitego yao, ile unayoiona imetundikwa kando ya barabara za hifadhi, imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Vaa kaki au kijani kilichofifia.

Mdudu huyu ndiye aliyeitengeneza hifadhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda, wengi wao kando ya Ziwa Victoria. Serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha watu badala ya kuhangaika na mdudu. Kati ya 1907 na 1912 eneo la kilomita za mraba 13,000 hivi kuzunguka sehemu hii ya Naili liliachwa bila watu. Chini ya maporomoko kulikuwa na kijiji cha Fajao. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alipita hapo mwaka 1907 kwa miguu na baiskeli. Miaka michache baadaye hapakuwa na wa kumkaribisha mgeni. Wanyama wakaongezeka mahali pa watu, eneo likafanywa pori la akiba mwaka 1910, na mwaka 1952 likatangazwa hifadhi ya taifa. Leo ina zaidi ya kilomita za mraba 3,800 na ndiyo kubwa kuliko zote Uganda.

Basi ule upweke wa porini ambao vipeperushi vya utalii huusifu kuwa ni Afrika kabla ya mwanadamu, una umri wa miaka mia moja na ushee tu. Unapopumzika kwenye ngazi za mawe, jua kuwa watu walilima karibu na hapo.

Maporomoko yaliyozaliwa mwaka wa uhuru

Kituo kizuri kuliko vyote cha kutazamia kiko karibu na mwisho wa kupanda, mahali ambapo genge linajitokeza na unaona korongo zima mbele yako. Hapo utaona jambo ambalo Baker hakuliona: maporomoko mawili, si moja. La kulia, jembamba na lenye hasira, ndilo Murchison. La pili, pana na lenye kushuka kwa utulivu zaidi, linaitwa Uhuru.

Je, wajua kuwa jina hilo si la kupamba tu? Mwishoni mwa 1961 na katika miaka iliyofuata mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili. Wazee wa Mwanza na Kisumu wanazikumbuka mvua zile. Maji yaliyotoka ziwani yalizidi uwezo wa ufa wa mita saba, mto ukatafuta njia nyingine pembeni, na mwaka 1962 ukaipata. Oktoba 9 mwaka huo huo Uganda ikapandisha bendera yake. Nani angetafuta jina jingine?

Jua likiwa mgongoni mwako utauona upinde wa mvua ndani ya rasharasha, na ukisogea hadi juu kabisa, pale maji yanapojitupa, utalowa. Kelele ni kubwa kiasi kwamba askari wako atazungumza kwa mikono. Mwamba chini ya miguu unatetemeka. Shika reli, na usiivuke kwa ajili ya picha, kwani nje ya reli mwamba umelainishwa na maji na ukianguka mle usitarajie kutoka ukasimulia.

Na baada ya makelele yote hayo, hesabu ya Misri itakushangaza. Maji yanayofika Aswan, sehemu kubwa, karibu asilimia 85, hutoka milima ya Ethiopia kupitia Naili ya Bluu na mito mingine. Naili Nyeupe, yaani huu unaounguruma mbele yako, huchangia asilimia 15 hivi. Tatizo si huku. Ni mabwawa ya Sudd, Sudan Kusini, ambako mto hutanda kwenye matete na jua likanywa karibu nusu yake.

Bawabu wa samaki

Sasa tufike kwenye sangara.

Chini ya maporomoko, katika Ziwa Albert na Naili inayoelekea Sudan, sangara ni mwenyeji tangu enzi. Hukua hadi urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200, na kwenye povu chini ya ufa watu wanaovua kwa ndoana kama mchezo wamewahi kutoa sangara wa zaidi ya kilo 100. Juu ya maporomoko hakuwapo. Hakuna samaki anayeruka mita 43 za maji yanayokuja kichwani. Kwa hiyo Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria yalikaa maelfu ya miaka bila mla nyama mkubwa wa aina hiyo, na kwa sababu hiyo furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, walipata nafasi ya kugawanyika wakawa aina mamia. Wengine walikula konokono, wengine mwani, wengine magamba ya wenzao. Wanasayansi walikuja kuliita Ziwa Victoria maabara ya viumbe.

Katika miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa kikoloni, pamoja na wapenzi wa kuvua kwa mchezo, waliona ni hasara furu wasio na bei kujaa ziwani. Wataalamu wengine wa samaki walipinga. Sangara akapandishwa hata hivyo. Alichukuliwa Ziwa Albert, chini ya ufa, akavushwa kwa mkono wa mtu, akamwagwa Kyoga na Victoria. Kulikuwa na umwagaji wa kimya kimya tangu 1954, kisha wa wazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka ishirini hivi hakuonekana sana. Kuanzia miaka ya 1980 akalipuka. Inakadiriwa aina 200 hivi za furu zilitoweka au zikabaki chache mno.

Kilichofuata tunakijua sisi wa ziwa kuliko vitabu. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe na Jinja. Ndege zikapeleka minofu Ulaya. Mabondo, ule mfuko wa hewa wa samaki uliokuwa ukitupwa, ukawa na bei ya kutisha kwa sababu ya soko la China. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa sangara, na nyingine zikashindwa kumnunua samaki aliyevuliwa mbele ya mlango wao, zikabaki na mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ililipeleka jambo hilo duniani na kuikasirisha serikali ya Tanzania.

Sijui kama kuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo mtu anaweza kusimama kwenye reli, akatazama ukuta wa maji, na kuona kwa macho kwa nini mamilioni ya watu wanakula wanachokula. Kulikuwa na kizuizi, kikafanya kazi yake vizuri, na binadamu wakakizunguka na ndoo.

Jina la mfalme kwenye mikono mibaya

Mwana wa Kamurasi aliitwa Kabalega. Alitawala Bunyoro kuanzia 1870, na Baker aliporudi mwaka 1872, safari hii akiwa na jeshi la mtawala wa Misri, alimkuta kijana asiye na subira ya baba yake. Mei 14 Baker alitangaza kuwa Bunyoro ni mali ya Misri. Mwezi mmoja hivi baadaye akatimuliwa Masindi kwa vita. Waingereza walipokuja baadaye kwa nguvu zaidi, Kabalega aliwapiga kwa kuvizia miaka mingi, akivuka Naili huku na huko. Walimkamata Aprili 9, 1899, akiwa na Mwanga, aliyekuwa kabaka wa Buganda. Kabalega alipigwa risasi, akakatwa mkono, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, na akafia njiani Mpumudde, Jinja, pale pale Naili inapoanzia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Idi Amin aliyabadili jina maporomoko na hifadhi, yakaitwa Kabalega. Wazo lilikuwa jema, aliyelitoa ndiye aliyeliharibu. Katika miaka ya utawala wake na ya vurugu zilizofuata, tembo wa hifadhi waliokuwa zaidi ya 10,000 walibaki mamia, na vifaru wakaisha kabisa. Aprili 1979 Kampala iliangukia mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa nao, na Mei wakapigana Karuma, mto ule ule, kuelekea kaskazini. Amin akaondoka, jina la Kabalega likaondoka naye. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilimtangaza Kabalega kuwa shujaa wa taifa, lakini ramani bado zinasema Murchison. Kwa maoni yangu huu ni uonevu: mtu aliyepigania mto ule anaadhibiwa kwa makosa ya dikteta, na mtu ambaye hakuwahi kuuona anabaki kibaoni.

Kuhusu vifaru, ukitoka Kampala kwa barabara ya Gulu utapita Ziwa Rhino Sanctuary, Nakasongola, ambako walianza kurudishwa mwaka 2005. Ndama wa kwanza alizaliwa 2009, baba akiwa ametoka Kenya na mama ameletwa kutoka Marekani. Walimwita Obama.

Mwandishi aliyesoma tanzia zake

Januari 23, 1954, ndege ndogo iliyombeba Ernest Hemingway na mkewe Mary ilikuwa ikizunguka juu ya maporomoko ili wapige picha. Rubani akakwepa kundi la kwarara, akagonga waya wa simu, wakaanguka kichakani. Walilala ukingoni wakisikiliza tembo. Kesho yake boti ya ziwani ikawaokota na kuwafikisha Butiaba, ambako ndege nyingine ilikuwa tayari kuwachukua. Hiyo nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka, na Hemingway akavunja mlango kwa kichwa. Wakati huo magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake. Alikuja kuzisoma tanzia hizo mwenyewe, inasemekana kwa furaha. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, lakini kwa majeraha yale hakuweza kwenda Stockholm kuipokea.

Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1951, John Huston, mwongozaji wa filamu, alikuwa Butiaba na Murchison akipiga baadhi ya sehemu za The African Queen, filamu iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Je, wajua kuwa kisa cha filamu hiyo kina mizizi Kigoma? Riwaya ya C. S. Forester ya 1935 iliyozaa filamu ilichochewa na vita vya majini vya Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambako Wajerumani walikuwa na meli ya Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isichukuliwe. Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Bogart ana nyota yake huko Hollywood. Liemba iko kwetu.

Twiga kwenye kivuko

Ukishuka, njaa itakuwa kweli. Paraa ina hoteli ya fahari juu ya kilima na migahawa ya kambi ya bei nafuu, ambako ngiri hutembea kati ya meza bila kumwomba mtu ruhusa. Usimpe chakula: akizoea leo, kesho atavunja hema la mwingine.

Agiza samaki. Sangara wa hapa ni wa kwao, hakuvushwa na mtu. Hukaangwa vipande vinene na kuliwa kwa chipsi, matoke au kalo, ule ugali wa ulezi wenye rangi ya udongo. Ukibahatika upande wa ziwani utapata muziri, ndugu wa dagaa, mchungu kidogo kwenye kichwa na mtamu kwingineko. Kwa ladha yangu muziri wa kukaanga mkavu anamshinda sangara, na wapishi wa hoteli wakimweka kwenye orodha ya chakula watapata wateja.

Kutoka kwenye meza hizo unauona mto ambao kwa miaka mingi ulivukwa kwa kivuko tu. Mwaka 2016 kivuko hicho kilibeba abiria wa ajabu: twiga 18 wa Rothschild, waliohamishwa kutoka kaskazini mwa mto kwenda kusini, katika kazi iliyopewa jina la Operation Twiga. Kusini hawakuwapo. Naili iliwazuia twiga kama ufa ulivyomzuia sangara, tofauti ni kwamba safari hii wavushaji walifanya utafiti kwanza.

Siku hizi lipo daraja. Halikujengwa kwa ajili ya twiga wala watalii. Mwaka 2006 ilithibitishwa kuwa chini ya Bonde la Ufa la Ziwa Albert kuna mafuta ya kutosha kwa biashara, na baadhi ya visima vimechimbwa ndani ya hifadhi hii. Mafuta yenyewe yana nta nyingi na huganda, hivyo bomba la kuyapeleka Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto njia nzima, zaidi ya nyuzi 50. Kisha mwaka 2019 kampuni moja ya nje iliomba kufanya uchunguzi wa bwawa la umeme pale pale kwenye maporomoko. Waganda, kuanzia waongoza watalii hadi wabunge, walipiga kelele, na bwawa halijajengwa. Karuma, juu kidogo ya mto, kwa sasa ina mtambo wa megawati 600 uliozinduliwa 2024, na sioni hoja ya kuudai na ufa huu pia.

Basi ukitaka kwenda, nenda miezi ya ukavu, Desemba hadi Februari au Juni na Julai, njia ya miguu isiwe utelezi. Beba maji, viatu vya kushika mwamba, na usiache kitambulisho au pasipoti nyumbani: raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana kiwango chao cha kiingilio, kwa shilingi za Uganda, na ni kidogo sana kuliko dola anazolipa mgeni wa mbali.